Kidole Gumba

Mimi ni mtu wa mizani.
Duka langu lipo Ngamiani, barabara ya kumi na saba:
choroko, mchele, dona, sembe,
na mizani ya mawe niliyorithi kwa baba
pamoja na madeni yake.
Usiku nikishafunga naandika mashairi, nane kwa nane,
nayo nayahesabu kwa vidole.
Silabi ikipungua, mstari unachechemea
kama meza ya mguu mfupi.

Kwa hiyo msinifundishe kupima.

Tunu alizaliwa Bombo, kilo tatu na gramu mia moja.
Nikamwambia Mwanamvua: huyu ni pishi moja na ushee.
Akanitazama tu. Mshono ulikuwa unamuuma.

Miezi minne alinyonya, na si kingine.
Usiku nilimsikia akimeza
huku joto la Machi limetuganda kama shuka mbichi,
na kwenye kadi ya kliniki nukta zikapanda
moja juu ya bega la mwenzake.

Mwezi wa tano mama yangu akaja kutoka Pangani
na kikapu na hukumu:
“Mtoto ana kiu. Anawatazama mkila kama mdai.”
Nami, bingwa wa mizani,
nikachota sembe dukani kwangu, nyeupe pe,
tukakoroga uji mwepesi unaopitisha mwanga,
sukari vijiko viwili.
Mama akapiga kigelegele.
Siku ya nne, tumbo likaanza kumwendesha.

Kliniki ya Makorora, mizani inaning'inia kwenye boriti.
Tukamvisha ile kaptura ya kamba, miguu ikapiga hewa,
mshale ukatetemeka, ukatulia
pale pale pa mwezi uliopita.
Hapana. Chini kidogo.
Hapo kidole gumba changu kikainuka chenyewe.
Mnaolijua soko mnanielewa:
unagusa tu, kama unafuta vumbi,
na gramu mia zinapatikana bila mtu kuzitoa.
Nimewafanyia wateja. Si kila siku. Nimewafanyia.
Nesi Mhina alikuwa anakitazama kile kidole.
“Baba Tunu,” akasema, “hapa ukipunja, anayepunjika ni huyu.”

Hakutugombeza. Alimwamkia Mama kwanza,
akamwambia titi lina maji yake ndani yake,
hata kwa joto hili, mpaka miezi sita itimie;
kisha akamwomba amsaidie siku ya kutwanga ikifika.
Ndivyo alivyomshinda.

Ilipofika, Mama akatwanga dagaa wakawa vumbi la fedha.
Karanga, boga, mchicha, kiini cha yai,
parachichi la Lushoto lililopondwa kwa uma.
Akainamisha kijiko: uji ukashuka polepole
kama mtu asiyetaka kutoka harusini.
“Unaokimbia kijikoni,” akasema, kana kwamba ni yake,
“hauwezi kukaa mwilini.”
Tunu akautema wote kwenye kanzu yangu ya Ijumaa.
Kesho yake tena. Kesho kutwa akameza,
akaligeukia titi, kama anayeomba radhi.

Jirani akaja na wake, amenona, biskuti huku na huku.
“Wenu mbona hanenepi?”
“Hatumnenepeshi,” Mwanamvua akajibu, “tunamkuza.”

Mwaka ulipotimia: kilo nane, gramu mia tisa.
Mikono yangu ilikuwa mfukoni, yote miwili.
Nikarudi dukani, nikaigeuza mizani ya baba
uso wake uwatazame wateja.

Usiku nikaandika:

Tunu wangu kula tonge, kijiko hata cha pili,
Unyonye nawe ujenge, mifupa pia akili,
Usiwe wetu kibonge, wala mnyonge wa hali,
Gumba langu nilifunge, mshale upande wenyewe.

Mstari wa mwisho nimeuhesabu mara mbili.
Umezidi silabi moja.
Nauacha.